Bakuli la Miaka

Kichwa cha samaki hakikuwepo mlangoni.

Kitawi kilikuwepo, kile cha mti wa majani ya miiba, kimechomekwa palepale kando ya mlango. Lakini kichwa cha sadini ambacho Bi Sadayo alikichoma jana yake kwenye makaa mpaka moshi ukamliza, kisha akakichomeka kwa mkono wake ili harufu iwakere wasiotakiwa, hakikuwepo. Alisimama na ufagio wa theluji mkononi, akaitazama miiba. Ilikuwa misafi kama iliyolambwa.

"Paka," alisema kwa sauti, ingawa paka wa mwisho wa kitongoji cha Kamisawa alihamia mjini na wenyewe miaka mingi iliyopita.

Siku hizi alikuwa na mazoea ya kusema kwa sauti. Mtu anayeishi peke yake asipoitumia sauti yake huota kutu, na siku akiihitaji hutoka mlio wa bawaba.

Jana ilikuwa siku ya kurusha punje, siku ya mwisho ya majira ya baridi kwa kalenda, ijapokuwa theluji ya milima ya Shimane haijui kusoma kalenda. Enzi za uhai wa mumewe, Tamotsu, siku hiyo ilikuwa na kelele. Jua likizama tu, kila nyumba ya bondeni ilifungua mlango, mwenye nyumba akatupa nje ukufi wa soya zilizokaangwa, akapiga ukelele, "Mazimwi nje!" kisha akatupa nyingine ndani, "Heri ndani!" na kuubamiza mlango upesi, yaliyotoka yasije yakarudi. Sauti zilipokezana kutoka mlima hadi mlima. Baadaye watu walikaa chini kula punje za umri wao, moja kwa kila mwaka na moja ya mwaka unaokuja. Tamotsu alikuwa akimkazia macho binti yao mdogo, Chizuru, na kumwuliza kama hakimu, "Haya, Chii, umeshakula miaka yako?" Mtoto naye akicheka mpaka punje zikampalia.

Sasa Tamotsu yuko makaburini na Chizuru yuko Hiroshima anauza miwani. Kitongoji kizima kimebaki na nyumba mbili zenye taa, ya Sadayo na ya jirani yake Fumino, ng'ambo ya kijito. Jana jioni Sadayo alimsikia Fumino akipiga ukelele wake kama kuku anayefukuzwa jikoni. Naye akafungua mlango, akashika kikaango, akavuta pumzi. Maneno hayakutoka. Aliona haya. Ndani ya nyumba hii kumejaa nani hata afukuze?

"Haya basi, mazimwi," akasema badala yake, akicheka peke yake, "kama mna baridi, ingieni tu na nyinyi. Hapa nafasi tele."

Akauacha mlango wazi, akaenda kutenga mabakuli. Alitenga mawili, kama kila mwaka tangu msiba, moja lake na moja la mumewe. Kila mwaka alikwama papo hapo: maiti huhesabiwa punje ngapi? Anaendelea kuzeeka huko aliko, au alisimama siku ile aliyokata roho? Miaka iliyopita aliweka chache tu za kubahatisha. Jana, kwa uchovu au kwa mapenzi, alihesabu punje za umri wake mwenyewe, akamwekea Tamotsu hizohizo, kwa kuwa mke na mume ni kitu kimoja. Akaliweka bakuli hilo mbele ya mto aliokuwa akikalia mumewe. Ndipo akakumbuka kufunga mlango.

Asubuhi hiyo basi, alipoinamisha macho kutoka kwenye kitawi, aliona nyayo. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, pana, zimezama sana, zikitoka barabarani hadi kizingitini. Hazikuwepo za kurudi.

Akazifagia haraka, kama mtu anayefagia aibu ya nyumba yake kabla jirani hajaamka.

* * *

Alikuwa amekaa kwenye kotatsu, ile meza fupi iliyofunikwa mfarishi na yenye hita chini yake, miguu ndani, kikombe cha chai mkononi, aliposikia.

*Kru.*

Kilikuwa kimlio kidogo kikavu, cha jino na punje. Kilitoka chumba cha ndani, nyuma ya mlango wa karatasi.

Kwanza alidhani ni panya. Kisha ikaja harufu ya samaki aliyeungua, na chini yake harufu ya nywele zilizolowa theluji zikianza kupata joto. Kisha *kru* nyingine, polepole, ya mtu asiye na haraka, na Bi Sadayo akataka kuinuka lakini miguu yake ilikuwa ndani ya mfarishi na chini ya mfarishi, upande wa pili wa meza, upande ambao hakuna aliyekaa tangu siku walipomtoa Tamotsu ndani ya jeneza kupitia ukumbi uleule, kulikuwa na kitu ambacho taratibu, kwa adabu karibu, kama mgeni anayejitafutia nafasi asimsumbue mwenyeji, kilinyooshwa kikagusa unyayo wake, nacho kilikuwa cha moto kuliko hita, kigumu, na kilikuwa na vidole.

Hakupiga kelele. Nani angemsikia? Alifumba macho akabaki hivyo, akingojea aliwe.

Hakuliwa. Ule mguu ulitulia juu ya wake, na joto lake likampanda mpaka magotini, magoti yaliyokuwa yakimuuma tangu vuli. Chai ilipoa. Nje theluji ilidondoka kutoka paani. Na ingawa aliogopa, na aliogopa kweli, Bi Sadayo aligundua kwamba alikuwa analia, na machozi yenyewe hayakuwa ya woga peke yake. Ulikuwa umepita muda mrefu sana bila kiumbe chochote kumgusa.

Alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Bakuli la Tamotsu lilikuwa limepungua kidogo.

Saa ya kufukiza ubani alikwenda kwenye kabati la marehemu, akapiga kikengele, akainua uso. Picha ya Tamotsu ilikuwa pale, na suti yake ya harusi za watu, imewekwa katikati ya picha za wazee waliokufa. Alishangaa. Kisha akakasirika.

"Nani huyu ameweka picha ya mume wangu na maiti? Uchuro gani huu!"

Akaitoa, akaipangusa kwa aproni, akaiweka juu ya televisheni.

* * *

Kesho yake Fumino alivuka kijito na bakuli la figili za kuvundika. Alikuwa amempita Sadayo umri kwa miaka michache na ulimi kwa mingi.

"We Sadayo! Juzi sikukusikia hata ukikohoa. Umeshakuwa bibi wa kizungu hurushi punje?"

"Karibu, dada. Taratibu basi, Tamotsu amejilaza."

Fumino alikuwa tayari amevua viatu, mguu mmoja juu ya sakafu ya mbao. Akaganda hivyo.

"Nani amejilaza?"

"Mume wangu. Mgongo unamsumbua. Ingia, unapoozesha nyumba."

Fumino akaingia. Aliiona picha juu ya televisheni. Aliliona kabati la marehemu na pengo lake. Aliliona bakuli mbele ya mto, na mto wenyewe umebonyea katikati kama uliokaliwa na mtu mzito. Kutoka chumba cha ndani kukalia *kru*, na punje ya juu bakulini, mbele ya macho yake, haikuwepo tena.

Angekuwa mtu mwingine, si Fumino, angekimbia. Yeye alikaa chini.

"Sadayo," alinong'ona, "juzi ulifanya nini?"

"Nilifanya nini?"

"Jioni ya punje. Nitazame mimi. Usitazame huko."

Sadayo akakunja uso, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Nilitania tu. Nilisema... waingie kama wana baridi."

"Salale. Na hili bakuli? Punje ngapi?"

"Za umri wangu. Nilikosa hesabu ya..." Hakukumbuka tena kwa nini alikosa hesabu ya mume aliye hai.

Fumino akamshika mkono, akauvuta mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Sikiliza. Zamani zimwi likifukuzwa na nyumba hii lilifukuzwa na ile, likaenda zake mlimani. Sasa nyumba zimebaki mbili, na wewe moja ukalikaribisha na sahani ukalitengea. Umelipa miaka yako, mdogo wangu. Linakula kuanzia juu, ya jana na juzi, linashuka. Msiba wa mumeo limeshaula, ndiyo maana kwako amefufuka. Likiendelea litafika mwaka aliozaliwa Chizuru. Siku hiyo hutakuwa na mtoto. Binti yako atasimama mlangoni na hutamjua."

"Chii?" Uso wa Sadayo ukasawijika. "Hapana. Chii hapana. Nifukuzie, dada. Lichukue hilo bakuli ulitupe kijitoni."

"Ukimnyang'anya mgeni sahani, bado yumo ndani. Na mimi siwezi kulifukuza. Aliyekaribisha ndiye anayefukuza, kwa mkono wake na kwa sauti yake. Mimi nikirusha hapa nitakuwa nalisha kuku. Inuka. Nakufungulia mlango."

Sadayo akainuka. Kwenye kikaango zilikuwa zimebaki soya za juzi, akajaza ukufi. Fumino akausukuma mlango mpaka mwisho, baridi ikaingia kwa pupa. Chumba cha ndani kikawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Sadayo akaugeukia mlango wa karatasi, akainua mkono.

"Mazi—"

"We," ikasema sauti nyuma ya karatasi. "Chai."

Ilikuwa sauti ya Tamotsu na kohozi lake la sigara ndani yake. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita mkewe kwa jina, na Sadayo alikuwa akichukia, siku nyingine akimjibu, "Huyo *we* ameenda sokoni!" Tangu azikwe, saa kumi kila siku, birika likichemka, masikio yake yalikuwa yakilisubiri neno hilo moja.

Punje zikamponyoka, zikatawanyika sakafuni.

"Nakuja," akasema.

"Sadayo!"

"Ana kiu."

"Huyo si Tamotsu!"

Sadayo akageuka. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Fumino kuliko harufu, kuliko sauti. "Najua," akanong'ona. "Najua, dada. Lakini wewe unajua nyumba inavyokuwa saa ya chai."

Fumino alivaa viatu vyake, akavuka kijito, akapiga simu Hiroshima.

"Njoo," alimwambia Chizuru. "Usiniambie kazi, usiniambie theluji. Mama yako anakwisha."

"Bi Fumino, Jumapili tu niliongea naye, alikuwa mzima. Wikiendi ijayo nitaomba ruhusa—"

"Ukija wikiendi ijayo utamkuta mtu. Mama hutamkuta."

* * *

Chizuru alifika kesho yake alasiri, gari limejaa matope na chumvi ya kuyeyushia theluji mpaka madirishani. Alikuwa mwanamke wa hamsini na kitu, nywele zimepakwa rangi ya kahawia, viatu virefu vya mjini. Aliwahi kuolewa, akaachika, na tangu hapo alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwaka na kukaa kwa kuangalia saa. Mkononi alikuwa na mfuko wa soya zilizokaangwa za dukani, kwa kuwa Fumino alimweleza yote, naye hakuamini lolote, lakini alinunua.

Fumino alimngojea kizingitini. Wakafungua mlango pamoja.

"Mama, nimerudi!" Chizuru aliita, kama alivyoita kila siku ya shule.

Kwa desturi ya nyumba ile jibu lilikuwa *Karibu, mwanangu, umerudi*, na lilikuwa likija kabla mkoba haujagusa sakafu. Safari hii halikuja. Ilikuja *kru*, kisha *kru*, na harufu ya samaki wa kuungua nzito mpaka Chizuru akajifunika pua. Kuamini kukamwingia hapo kwa nguvu, na kwa hofu ya alichokuwa akikisikia akafanya jambo ambalo hata mtoto wa nchi ile hafanyi: akapanda ndani mbiombio na viatu vyake, theluji na matope vikichapa alama kwenye mbao ambazo mama yake amezing'arisha maisha yake yote.

"Mama! Mama, uko wapi?"

Bi Sadayo akatokea jikoni, aproni safi, mashavu yamepata rangi kama ya bi harusi. Alimtazama yule mwanamke, kisha viatu, kisha alama sakafuni.

"Samahani," akasema kwa upole wa kuogopa, "unatafuta nani?"

"Mama, ni mimi. Ni Chii."

"Chii yuko shuleni. Saa hizi atakuwa njiani anarudi." Akarudi nyuma hatua moja. "Tafadhali, mume wangu amelala."

"Sadayo," Fumino akaita kutoka mlangoni, sauti ya chini, "zishike hizo punje anazokupa. Kuna kitu kibaya kimeingia nyumbani mwako. Kirushie, useme maneno. Fanya kwa ajili ya mwanao."

Sadayo akaupokea mfuko. "Kwa ajili ya Chii?"

"Kwa ajili ya Chii," Chizuru akasema, machozi yakimtoka. "Fanya, Mama. Sasa hivi."

Mlango wa karatasi ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Kupitia pale Fumino aliona mgongo: mpana, umevikwa koti la pamba la Tamotsu lililopasuka mabegani, na nywele ndefu zinazodondosha maji, na bakuli likiinuliwa kuelekea mahali ambapo hakupaona, na anashukuru mpaka leo kwamba hakupaona.

"We," sauti ya Tamotsu ikasema bila kugeuka. "Nani huyo anayenikanyagia sakafu na viatu? Mtoe."

Bi Sadayo akaitazama tena miguu ya mgeni. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake. Alijua anayeingia nyumba ya watu na viatu ni kiumbe cha namna gani. Akachota ukufi. Mkono ukainuka, na sauti iliyokwama jioni ya punje ikatoka leo, nzima, ya kusikika bondeni.

"Mazimwi nje!"

Punje zikampiga Chizuru usoni. Akafungua kinywa kusema, lakini miguu yake haikumngoja. Ilimgeuza, ikamteremsha, ikamtoa nje ya kizingiti na kumwangusha magoti kwenye theluji, kama alivyosema Fumino mwenyewe: mwenye nyumba akifukuza kwa mkono wake na sauti yake, aliyetajwa hutoka. Mfuko mzima ukamfuata, umepasuka, punje zikimwagika barazani.

"Heri ndani!" Sadayo akasema, akihema. Na mlango ukabamizwa upesi, kama desturi inavyotaka.

Chizuru aliurudia mlango mara kadhaa. Kila alipotaka kuvuka kizingiti miguu ilikataa. Ndani, *kru*. Kisha sauti ya mama yake, changa, yenye furaha: "Umeona? Ametoka. Ngoja nikuongezee chai."

"Zimebaki ngapi bakulini?" Chizuru alimwuliza Fumino, waliyefungiwa nje pamoja.

"Chache, nadhani. Za ujana wake. Bado anakumbuka kwamba una shule, lakini..." Fumino hakumaliza.

"Lakini zikiisha hizo, hata Chii wa shule hatakuwepo." Chizuru akafuta uso kwa mkono. Kisha akaanza kuokota punje barazani, moja moja, akizipanga kwenye skafu yake na midomo ikihesabu.

"Unafanya nini?"

"Linakula miaka ya mtu aliyeliwekea. Basi nitaliwekea. Likishughulika na zangu litaziacha za mama."

"Wewe! Umerukwa na akili?"

"Bi Fumino, miaka yangu yenyewe hii hapa," alisema, na akacheka kicheko kibaya. "Nimekaa peke yangu kwenye chumba kimoja nikimdanganya mama kila Jumapili kwamba nina kazi nyingi. Acha iliwe."

Mlango wa nyumba zile una tundu la barua. Akazisukuma punje humo, moja baada ya nyingine. Ndani kukawa kimya. Kisha hatua nzito zikaja zikiburuta, zikasimama nyuma ya mlango, na *kru* ikasikika pale pale, karibu, kimo cha mtu aliyechutama.

Fumino alimvuta mkono, lakini Fumino alikuwa bibi kizee na Chizuru alikuwa amekaza. Simu ikalia mfukoni mwa Chizuru. Akaitoa, akaigeuza, akaiweka kwenye theluji kama kitu cha mtu mwingine. Akaendelea. Baadaye akanyanyua macho kuelekea barabarani.

"Gari la nani lile?"

"Lako, mwanangu. Acha sasa. Inatosha."

Punje nyingine, na nyingine. Mabega yake yakalegea. Ile mikunjo ya mtu anayeangalia saa ikamtoka usoni. Akamtazama Fumino kwa mshangao mtupu.

"Mama Fumino, mbona nywele zako zimekuwa nyeupe?"

Hapo Fumino akapiga teke. Alipiga skafu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na punje za mwisho, zile chache za utotoni, zikaruka zikapotea kwenye theluji laini. Nyuma ya mlango kitu kikanguruma kwa tamaa, kikangoja, kisha hatua zikarudi ndani zikiburuta.

Chizuru hakuangalia zilikokwenda. Alikaa kizingitini, mwanamke wa hamsini na kitu, amekumbatia magoti. Alikuwa anatetemeka. Viatu vyake vilimshangaza. Akavivua, akavipanga vizuri pembeni, ncha zikitazama nje, kama alivyofundishwa.

Kisha akaugeukia mlango. "Mama," akaita, na sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto aliyechoka na njia. "Mama, nimerudi!"

Mlango ukafunguka mara moja.

"Karibu, mwanangu, umerudi!" Bi Sadayo alikuwa amechuchumaa, mikono wazi. Aliushika uso ule wenye makunyanzi, akaupuliza joto. "Masikini, mikono ya barafu! Umechelewa leo. Kofia iko wapi? Ingia, ingia. Baba yako anakungoja."

Wakaingia. Miguu ya Chizuru haikukataa. Kabla mlango haujafungwa, Fumino aliyasikia maneno ya ukumbini, sauti ya kohozi la sigara ikiuliza kwa utani, kama hakimu:

"Haya, Chii. Umeshakula miaka yako?"

Na kicheko cha watu wawili.

* * *

Fumino alivuka kijito. Jikoni kwake aliwasha moto, akamimina soya kwenye kikaango, akazikaanga tena ingawa siku yake ilikwisha kupita. Giza lilikuwa linaingia. Alifungua mlango, akajaza ukufi, akapiga ukelele wake wa kuku, "Mazimwi nje!" na sauti ikaenda mpaka mlimani ikarudi peke yake.

Ng'ambo, taa ya Sadayo ilikuwa inawaka. Alisikia bakuli likigongana na bakuli, maji yakimiminwa, watu wakiongea wote kwa pamoja kama zamani.

Alirusha na za ndani. "Heri ndani," alisema, kwa sauti ndogo, akageuka kuitazama nyumba yake. Kulikuwa na kikombe kimoja juu ya meza.

Desturi inataka mlango ufungwe upesi. Fumino aliushika, akausogeza mpaka ukabaki kiasi cha kiganja. Mkono ukasimama hapo. Baridi ilimuuma vidole, naye bado hakuufunga.